Satsuma ninayoisema mimi si chenza

Haya niliyaongea Jumamosi kwenye chai yetu ya jumuiya, watu watatu wanne wakaniomba niyaweke kwa maandishi, kwaiyo nimeyaandika karibu vile vile yalivyotoka mdomoni, na pale nilipoparukia jambo mtanivumilia.

Assalamu alaykum, habari za mchana, wazee wetu shikamooni. Bi mwenyekiti ameniambia nna dakika arobaini, na kwanza niwatoe wasiwasi, siuzi kitu. Kila nikisimama mbele ya watu na boksi naona wengine wanashika pochi.

Siku ya kwanza nilipomwambia mke wangu naenda kutafuta satsuma akanambia niletee kilo mbili, watoto wanazipenda. Manake hapa Uingereza satsuma ni chenza, hizi laini za kumenya kwa kidole zinazojaa madukani kila Disemba. Na wala hakukosea sana, asili ya jina ni moja. Satsuma ni jina la zamani la jimbo la kusini kabisa mwa kisiwa cha Kyushu kule Japani, saivi ni sehemu ya mkoa wa Kagoshima, chenza zikapewa jina la huko na vyombo vya udongo vikapewa jina la huko. Tofauti ni kwamba chenza ukishaimenya unajua umepata nini. Chombo cha Satsuma mi nakimenya mwaka wa kumi na moja huu na bado kuna siku naingia mkenge.

Leo nimeleta viwili. Hiki kirefu ni chombo cha maua, sentimita 32, kimejaa dhahabu, kina masamurai mbele na mabibi wenye miavuli nyuma. Na hiki kingine ni kibakuli tu, kinaenea kwenye kiganja, kimepauka kidogo na kina ufa hapa pembeni. Hebu niambieni kipi mngeniletea kwa hela nyingi? ... Haya, wote mmeonyesha kirefu. Bibi Khadija pale nyuma hajanyoosha mkono, ameguna tu, na mimi guno la Bibi Khadija naliogopa. Tutarudi hapo.

Sasa sisi watu wa pwani tusijifanye wageni wa mambo haya. Nani hapa hajakulia kwenye nyumba yenye kabati la vioo ambalo vyombo vyake havikuwahi kuliwa chakula? Nyumba za Lamu na Unguja zina zidaka ukutani, na zidaka zile zilikuwa za kupangia vitu kama hivi. Nendeni Kunduchi mkaone makaburi ya nguzo, wazee walichukua bakuli za Kichina wakazijengea humo humo kwenye nguzo ya kaburi. Kwaiyo mapenzi ya chombo kizuri kutoka mbali ni ya kwetu. Ila tulichozoea sisi ni kaure, ile ngumu nyeupe ya Kichina, na Satsuma si kaure. Hii ni udongo. Kaure nyembamba ukiiinua kwenye taa ukaweka kidole nyuma yake utakiona kivuli cha kidole, ukiigonga kwa kucha inalia ting na mlio unabaki hewani. Satsuma ukiiinua kwenye taa huoni kitu, ukiigonga inasema tok. Basi. Mtu akikuuzia Satsuma inayolia kama kengele na kupitisha mwanga mshukuru, mrudishie, nenda zako.

Na uangalie rangi ya mwili wake. Satsuma nyeupe si nyeupe ya karatasi, ni nyeupe ya maziwa yaliyokaa na samli kidogo juu, na ukiisogeza machoni utaona nyufa nyembamba nyembamba zimetandaa kila mahali kama utando wa buibui. Watu wengi wanadhani kimeharibika. Hapana, zile nyufa zinatokana na tanuru. Chombo kinachomwa mara ya kwanza kikiwa udongo mtupu, halafu kinapakwa ile glezi, ile ngozi yake ya kioo, kinachomwa tena, sasa kikianza kupoa ile glezi inasinyaa kuliko udongo ulio chini yake, ngozi inakuwa ndogo kwa mwili, inachanika kimya kimya. Wenyewe wanazipenda nyufa hizo. Baada ya hapo ndo mchoraji anaanza, anachora juu ya glezi kwa rangi za enameli, rangi za kioo zinazoyeyuka kwa moto, kinarudi tanuruni kwa moto mdogo zaidi, na dhahabu inakuja mwisho mwisho maana haiwezi moto mkubwa. Kwaiyo michoro yote mnayoiona imekaa juu. Haiko ndani ya glezi, haikuzama. Hilo mliweke akilini kwa sababu nitalirudia nikifika kwenye habari ya shemeji yangu na sponji la chuma.

Lakini historia yake kwanza, na historia hii mimi ndo iliyonikamata kuliko hata dhahabu.

Mwaka 1592 mtawala wa Japani Toyotomi Hideyoshi alituma majeshi kuivamia Korea, vita vikaenda na kurudi hadi 1598 alipofariki. Mabwana wa majimbo waliopigana kule waliporudi walibeba watu. Na waliowataka hasa ni wafinyanzi, kwa sababu matajiri wa Japani walikuwa na wazimu wa sherehe ya chai na bakuli za Korea zilikuwa zinagombaniwa. Bwana wa Satsuma, Shimazu Yoshihiro, naye mpenzi wa chai, akarudi na wa kwake, wanaume kwa wanawake, wakashushwa kwenye fukwe za Satsuma, na sehemu yao wakaishia kijiji kinachoitwa Naeshirogawa. Siku hizi kinaitwa Miyama. Wakaambiwa fanyeni kazi.

Sisi hatuhitaji kuelezwa maana ya kubebwa kwenye majahazi kupelekwa kufanya kazi ya mtu mwingine. Lakini hawa walikuwa na ajabu yao, yule bwana wao aliwataka wabaki Wakorea. Walishika majina yao, lugha yao, mavazi yao, kwa vizazi na vizazi. Mpaka kwenye vita kuu ya pili, waziri wa mambo ya nje wa Japani mwaka 1941, na tena 1945 vita inaisha, Togo Shigenori, alikuwa mtoto wa kijiji hicho hicho, ukoo wao wa Kikorea uliitwa Pak. Na kuna familia pale, Chin Jukan, wanafinyanga mpaka leo, jina la mkuu wa karakana linarithiwa, aliyepo sasa ni wa 15. Baba anakabidhi jina pamoja na tanuru.

Kuna neno moja la mwanzo wa habari hii, hibakari. Maana yake ni kama kusema moto tu. Lilikuwa jina la bakuli za chai za siku zile za kwanza, ambazo udongo ulitoka Korea, glezi ilitoka Korea, mikono ilitoka Korea, kitu cha Japani humo ndani kilikuwa moto tu. Mi nilipolisoma neno hili niliweka kitabu chini nikatoka nje kidogo. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu na mimi nimeishi hapa miaka ishirini na moja, na siku nyingine nahisi kwamba wenyeji wamechangia hita tu.

Haya. Udongo mweupe baadae ukapatikana palepale Satsuma, na vyombo vyeupe vikawa vya bwana na wakubwa wenzake, watu wa kawaida walitumia vyeusi, na vyeusi navyo ni vizuri ajabu ila leo sina nafasi navyo. Ninachotaka mshike ni kwamba kwa muda mrefu sana hivi vyeupe havikuwa na makelele, vilikuwa vitupu au vina mchoro kidogo, maua, majani, mstari wa dhahabu. Hii kujaza masamurai na joka na wazee wenye duara la nuru kichwani ni ya juzi, ni ya nusu ya pili ya karne ya 19. Kwaiyo ukikuta mtu mnadani anakwambia hiki ni cha miaka mia nne, na wewe unaona samurai kapanda farasi na dhahabu mpaka shingoni, tabasamu, mwambie asante, kunywa chai yako.

Ilibadilikaje? Mwaka 1867 kulikuwa na maonyesho ya dunia Paris. Serikali ya shoguni, yule mtawala wa kijeshi wa Japani, ilienda kuiwakilisha nchi. Satsuma nao wakaenda, peke yao, na banda lao, wakajitokeza kama dola inayojitegemea, wakagawa mpaka nishani kwa wakubwa wa Ufaransa. Yaani bosi wako anaenda kwenye harusi na wewe unafika na gari lako na kadi yako na zawadi kubwa kuliko yake. Mwaka uliofuata shoguni hayupo, madaraka yamerudi kwa mfalme Meiji, na watu wa Satsuma ni miongoni mwa waliomtoa huyo shoguni. Siasa hizo. Ila Wazungu kule Paris waliona vile vyombo vya rangi ya maziwa wakachanganyikiwa. Vienna 1873 yule Chin Jukan wa 12 akapeleka vikubwa, watu wakajaa. Philadelphia 1876. Kuanzia hapo kila mwenye sebule London na New York akataka chake.

Na hapa ndo uongo mtamu ulipoanza, nisikilizeni vizuri. Jina likawa kubwa kuliko kijiji. Satsuma ilikuwa mbali, kule mwisho wa nchi, na mwaka 1871 serikali mpya ikafuta majimbo yote, mabwana wakapoteza mamlaka, wafinyanzi wakapoteza mwajiri. Wateja wako bandarini Yokohama na Kobe. Kwaiyo watu wa Kyoto, Osaka, Tokyo, Yokohama, wote wakaanza kutengeneza Satsuma. Vingine vilifinyangwa Satsuma kweli vikasafirishwa vitupu, vikachorwa kwingine. Vingine udongo wenyewe ni wa Kyoto, mtaa wa Awata, havikuwahi kuiona Satsuma hata kwa mbali. Ni kama mchele wa Mbeya. Nimeula mchele wa Mbeya Dar, Mombasa, mpaka hapa mtaani kwetu, na kama yote ile imetoka Mbeya basi Mbeya hawana nafasi ya kujenga nyumba.

Lakini mchele ule si kwamba ni mbaya! Hilo ndo wengi hawaelewi. Baadhi ya Satsuma nzuri kupita zote duniani ni hizo zisizo za Satsuma. Kyoto kulikuwa na karakana ya Kinkozan, wafinyanzi wa zamani waliowahi kumtengenezea shoguni mwenyewe, wakaanza kuuza nje miaka ya 1870 chini ya Kinkozan Sobei wa 6, halafu mwanae wa 7 akaikuza ikawa kiwanda kikubwa kabisa, alipofariki 1927 na kiwanda kikafa. Osaka alikuwepo Yabu Meizan, kazaliwa 1853 kafa 1934, huyu hakufinyanga, alipata vyombo vitupu na kazi yake ni kuchora, na akichora ungedhani ametumia ukope. Maandamano ya watu mia kwenye kitu kinachoingia mfukoni, kila mtu na sura yake. Alikuwa na mabamba ya shaba yaliyochongwa michoro, wanapiga mistari ya kwanza kwa bamba halafu wachoraji wanajaza kwa mkono, ndo maana mpangilio wake haukosei. Yokohama alikuwepo Miyagawa Kozan, huyu alikuwa anabandika ndege na maua ya udongo yanatoka nje ya chombo kama yanataka kuruka, baadae akaachana na mtindo wa Satsuma akahamia kwenye kaure.

Sasa mkono wa nani? Hapa ndo roho ya maneno yangu ya leo. Ukigeuza chombo ukaona chini pameandikwa Kinkozan, hilo ni jina la karakana, la bosi. Picha za zamani za karakana ile zinaonyesha wachoraji wamekaa chini, safu kwa safu, kila mmoja na kitu chake mbele. Hakuna aliyetuandikia majina yao wote. Kwaiyo wakusanyaji kila wakishika chombo wanakigeuza chini kama kuku anayetafutwa mayai, wanasoma mhuri, wanaridhika. Na mhuri ndo sehemu rahisi kuliko zote kudanganya. Ule msalaba ndani ya duara mnaouona hapa ni nembo ya ukoo wa Shimazu, mabwana wa Satsuma. Karakana za Kyoto waliupiga, za Yokohama waliupiga, na viwanda vya juzi juzi huko China navyo vinaupiga. Ukiuona haukwambii kitu zaidi ya kwamba mwenye chombo alitaka uamini kitu.

Kuna machache ya chini yanayosaidia, siwezi kuyakana. Marekani walipitisha sheria ya ushuru mwaka 1890, kuanzia 1891 kila kinachoingia kwao lazima kiandikwe nchi kilikotoka kwa herufi zinazosomeka kwao, ndo likaja neno Nippon, yaani Japani kwa Kijapani, halafu 1921 forodha yao ikasema Nippon hatuitaki andikeni Japan. Ukiona "Made in Japan" basi ujue umri wake hauko mbali hivyo. Ukiona imeandikwa kwa herufi kubwa za Kizungu "Satsuma", au "Royal Satsuma", au "Hand Painted", kuwa makini sana. Fundi wa Kyoto wa mwaka 1885 hakuwa na sababu ya kukuandikia kwa Kiingereza kwamba amechora kwa mkono. Aliona unaona.

Na hapo namleta huyu ndugu yetu mrefu. Mwaka wangu wa pili kwenye mambo haya, asubuhi ya Jumapili, baridi ya kung'oa masikio, nipo kwenye lile gulio la watu wanaouzia vitu kwenye buti la gari. Nikamuona kwenye kitambaa cheusi, kumbukeni mwaka wa pili, yaani ule mwaka unajua kidogo na unadhani unajua vyote. Nikamgeuza chini. Msalaba wa Shimazu upo! Chini yake herufi za Kijapani za dhahabu! Chini yake Satsuma! Muuzaji akanambia ni cha bibi yake. Nikatoa pauni 140, ambazo zilikuwa hela za bima ya gari, nikaendesha kurudi nyumbani polepole kama nimebeba bibi harusi.

Nikakaa nacho miezi minne nikikisifia. Mpaka mama mmoja mtu mzima, kazi yake ya zamani ilikuwa kutathmini vitu vya mnada, akaja kwetu kwa jambo jingine kabisa, akakiangalia, hakukigeuza chini hata kidogo. Akatoa kwenye pochi lenzi ile ya masonara, ya kukuza mara kumi, akaniambia angalia uso wa samurai. Nikaangalia. Jamani. Uso ulikuwa nukta. Vinukta vidogo vidogo vimepangwa sawa sawa kama picha ya gazeti. Ilikuwa karatasi ya kubandika, stika, imebandikwa kiwandani halafu mtu kapitisha dhahabu juu kwa brashi mara mbili tatu ili vidole vyako visikie kitu. Nikauliza na hizi nyufa? Akacheka. Kubwa mno, na weusi wake umelingana kila mahali, zimepakwa rangi. Nikauliza na msalaba? Hakunijibu, akachukua kikombe chake cha chai.

Kwaiyo sijakitupa, ndo mwalimu wangu huyu. Thamani yake ni ya kuwekea miavuli.

Tangu siku ile nimegeuza mwendo, chini naangalia mwisho. Kwanza lenzi, na lenzi yenyewe haina gharama, hela ya sahani mbili za biriani unapata nzuri. Angalia nyuso. Rakan, wale wanafunzi wa Buddha, ni wazee, kwaiyo kwenye kazi nzuri kila mmoja anazeeka kwa namna yake, huyu ana nyusi kama ufagio, huyu ana mashavu yameingia ndani, yule anacheka na meno hana. Kwenye kazi ya haraka haraka wote ni ndugu, tena mapacha, macho ni vistari viwili na mdomo ni kidoti. Angalia nguo zao. Mchoraji mzuri akichora joho anachora na kitambaa cha joho, maua ya kitambaa yanafuata mikunjo, yanapinda pale nguo inapopinda. Mbaya anajaza maua kama mtu anapaka ukuta. Angalia dhahabu. Ya zamani imetulia, haipigi kelele, na mahali paliposhikwa shikwa miaka yote imefifia, kwenye mdomo wa chombo, kwenye masikio. Dhahabu inayong'aa sawa kila kona kama kitasa cha mlango mpya, hmm. Halafu funga macho upitishe kidole taratibu. Rangi za enameli zimenyanyuka, unazisikia kama kovu dogo. Stika haina kovu.

Na usidharau vidogo. Kulikuwa na vifungo vya nguo vya Satsuma, vifungo kabisa vya kushonea kwenye koti, vimechorwa maua na vipepeo, viliuzwa kwa wageni, na kuna watu hawakusanyi kitu kingine zaidi ya hivyo. Vitu vidogo watu wanavipita. Kumbuka pia kwamba vitu hivi vilitengenezwa kuuzwa nje, vingi sana viliondoka Japani, ndo maana mtu akitaka kuviona wakati mwingine nchi hii ni rahisi kuliko kule, majumba ya makumbusho hapa yanavyo, chariti, yale maduka ya hisani ya vitu vilivyotumika, zinavyo bila kujua, na Wajapani wenyewe walikuja kuanza kuvinunua virudi. Kule Kyoto kuna makumbusho inaitwa Kiyomizu Sannenzaka, kazi yake ni vitu vya enzi ya Meiji kama hivi. Nikijaliwa nitafika.

Kuhusu bei sitasema mengi kwa sababu nikisema namba kesho mtanipigia simu. Yabu Meizan mzuri asiye na ufa ni maelfu ya pauni, hilo halina mjadala. Ya kawaida ya miaka ya 1920 na 30, ile ya rangi nyeusi na machungwa, ni makumi tu, na kama inakupendeza inunue na uiweke, sina dharau nayo, mama mmoja hapa ukumbini anayo na imependeza kuliko zangu.

Sasa utunzaji, na shemeji yangu naomba asinifokee kwa sababu yupo meza ya tatu. Nilikuwa na kisahani, maua ya krisanthemu yamejaa hakuna nafasi ya kuweka ncha ya sindano, kila petali imezungushiwa dhahabu. Tukapata wageni. Shemeji kwa roho yake safi kabisa akakusanya vyombo vyote vya mezani na cha kwangu kikiwemo, akajaza maji ya moto na sabuni, akachukua lile sponji la chuma. Nilipoingia jikoni akaniambia, shemeji, hiki kilikuwa na uchafu wa njano njano umegoma lakini nimeutoa wote.

Nimesema mwanzo, michoro imekaa juu. Basi dhahabu haisuguliwi, na kitu cha chuma kisiijue njia ya kabati lile. Mashine ya kuoshea vyombo usiifikirie. Kukiloweka pia usikiloweke, huu ni udongo, zile nyufa zinakunywa maji na uchafu unaingia nayo na hautoki tena. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo, basi, tena kama kuna haja. Usibandike kibandiko cha bei juu ya dhahabu, ukikibandua kinaondoka na hela yako. Zile waya za springi za kuning'inizia sahani ukutani zinabana na kukwangua mdomo wa sahani, kama lazima uning'inize tafuta kitu kingine. Na msiweke maua yenye maji ndani ya chombo cha maua, najua inaitwa chombo cha maua, nafahamu, lakini msiweke.

Haya, kibakuli. Pauni 8, chariti, kilikuwa kwenye kapu moja na vikombe vya mayai. Kilikuwa cheusi kwa masizi, na huu ufa unaoteremka kutoka mdomoni hapa, mtu wa zamani alikipiga gundi. Kwa ufa huu mnada hawakitaki, bei yake imekufa, na hiyo ndo sababu nimeweza kuwa nacho. Chini kuna jina, Kinkozan, na inawezekana ni kweli kwa kazi iliyomo, lakini nimewaambia chini ni mwisho. Ndani kimejaa vipepeo. Nje hakina kitu karibu, mtu aliyekichora alivificha vipepeo, mpaka uwe unakunywa ndo unaviona. Nilijaribu kuvihesabu nikafika mia mbili na kitu mtoto akaniita, sikurudia. Hakuna viwili vyenye mabawa yanayofanana. Vingine havifiki ukubwa wa punje ya ufuta na lenzi inakuonyesha vina antena zote mbili.

Ntakipitisha sasa hivi, pamoja na lenzi. Mikono miwili tafadhali, mmekaa, juu ya meza, na aliyekuwa anakula maandazi ajifute kwanza. Kikifika kwako angalia karibu na ule ufa, upande wa kushoto, kuna kipepeo wa bluu mwenye bawa moja lenye mstari mwembamba sana umelikata katikati, unaanza popote na kuishia popote. Nilidhani ni mkwaruzo. Si mkwaruzo, ni unywele wa brashi. Ulidondoka kwenye rangi ikiwa mbichi, hakuuona, au aliuona na kulikuwa na vingine mia vinamsubiri, chombo kikaingia tanuruni, unywele ukaungua, njia yake ikabaki. Bibi Khadija, anza wewe.